Nani Anasoma: Mtoto au Kishikwambi?

"Mwanangu ana miaka minne na tayari anasoma mwenyewe kwenye simu." Kauli hii nimeisikia kwa wazazi wengi, na kila mara inasemwa kwa furaha ambayo sipendi kuizima. Siku moja nilimwomba mtoto mmoja aliyesifiwa hivyo anisomee hadithi anayoipenda. Akafungua kitabu, akagusa alama ya spika, sauti nzuri ya mwanamke ikaanza kusimulia. Mtoto akaifuata neno kwa neno, kidole kikifungua kurasa kwa wakati wake, bila kukosea. Nikazima sauti. Akaendelea vizuri tu, mpaka kidole kilipoteleza kikaruka ukurasa. Picha imebadilika, maandishi yamebadilika, lakini yeye akasimulia ule ukurasa ulioachwa nyuma, kila neno mahali pake. Macho yake hayakuwa yamegusa maandishi hata mara moja.

Je, alikuwa anasoma? Alikuwa na kumbukumbu nzuri, sikio makini na mapenzi ya hadithi, na alijua kurasa zinafunguliwa kuelekea wapi. Hayo si mambo madogo. Lakini kazi ya kugeuza herufi kuwa maneno ilikuwa inafanywa na kifaa, na mzazi wake asingeweza kulijua hilo kwa kutazama tu.

Mkanganyiko kuhusu zana hizi unaanzia hapo. Asubuhi mzazi anaambiwa kwamba skrini inamharibu mtoto. Jioni anaambiwa apakue programu ya kusoma kabla mwanawe hajaachwa nyuma na wenzake. Kauli zote mbili zinazungumza kana kwamba skrini ni kitu kimoja na kusoma ni kitu kimoja. Mimi nitashika swali moja na kwenda nalo: katika dakika ambazo mtoto amekaa na kifaa, nani anafanya kazi ya kusoma?

Kwanza, kusoma kwenyewe

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo mepesi ambayo bado yanatumiwa sana na wanaoshughulika na ufundishaji wa kusoma. Walisema kusoma ni mambo mawili yanayozidishwa. La kwanza ni kulitambua neno lililoandikwa: kuona b na a, ukatoa "ba". La pili ni kuielewa lugha: kujua maana ya maneno, kuifuata hadithi, kufahamu kwa nini sungura alikimbia. Neno la kushika hapo ni kuzidisha. Ukiwa na kumi upande mmoja na sifuri upande wa pili, jibu ni sifuri.

Mtu mzima anaweza kulijaribu hili mwenyewe. Chukua ukurasa wa Kiitaliano, au lugha nyingine usiyoijua inayotumia herufi tulizozizoea. Utautamka wote kwa sauti, tena kwa madaha, na ukifika mwisho hutajua nani alimfanya nini nani. Yule mtoto wa simu alikuwa kinyume chako: hadithi yote anayo kichwani, herufi hana.

Kwa mtoto ambaye hajafika miaka mitano au sita, sehemu kubwa ya safari iko katika upande huo wa kuelewa. Anakusanya msamiati. Anazoea kwamba katika hadithi kuna mtu anayetaka kitu na kuna kinachomzuia. Halafu kuna mambo madogo ambayo sisi wakubwa tumesahau kwamba tulijifunza: kwamba kinachosomwa ni maandishi, picha haisomwi; kwamba tunaenda kutoka kushoto kwenda kulia; kwamba ile nafasi tupu hutenga neno na neno; kwamba "simba" ina vipande viwili, na ukitoa "si" inabaki "mba". Mtoto anayeingia darasa la kwanza na mzigo huu mkononi hujifunza herufi akiwa na mahali pa kuzitundika.

Ni kitu gani hasa kiko kwenye skrini?

"Zana za kidijitali za kusoma" ni jina kubwa linalofunika vitu visivyo na undugu wa karibu.

Kipo kitabu cha kidijitali cha kawaida: kurasa zilezile za karatasi, picha zilezile, zimehamishiwa kwenye skrini. Hakisemi wala hakitikisiki. Faida yake ni kufika mahali ambapo cha karatasi hakijafika, na kinahitaji mtu wa kukisoma kama kitabu kingine chochote. Kipo pia kitabu kinachosoma chenyewe, ambapo sauti husimulia na mara nyingi neno linalotamkwa hubadilika rangi. Kingine ni kitabu chenye nyongeza: wahusika wanatembea, upepo unavuma, ukigusa mti tunda linaanguka. Mwisho ni programu za mazoezi, ambazo kwa kweli si vitabu. Herufi inatokea, mtoto anaigusa, anaunganisha silabi, anapewa nyota. Baadhi ya programu humsikiliza akisoma kwa sauti na kumwonyesha alipokosea.

Wapo wanaoingiza katika kundi hili hata video za katuni zenye nyimbo za herufi. Mimi siziingizi. Video inakwenda mtoto awepo asiwepo, aelewe asielewe. Kitabu, hata kikiwa cha skrini, hukaa palepale mpaka mtu aamue kufungua ukurasa. Tofauti hiyo ya kusubiri na kutosubiri naiona kubwa kuliko tofauti ya karatasi na kioo, kwa sababu katika ile nafasi ya kusubiri ndipo mtoto anapouliza swali.

Nyongeza inayosaidia na nyongeza inayoiba

Hili linahitaji kukaliwa kidogo, maana ndipo wazazi wengi hupotea. Kitabu kinapofanya mambo mengi tunadhani kinafundisha zaidi, na mtoto anapocheka sana tunadhani anajifunza sana.

Mwaka 2015 Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus walikusanya matokeo ya tafiti 43 zilizohusisha watoto zaidi ya 2,100, wakilinganisha vitabu vya hadithi vyenye teknolojia na usomaji wa kawaida. Walichokiona ni kwamba nyongeza zimegawanyika makundi mawili. Picha zinazotembea, muziki na sauti zinazoendana na hadithi zilisaidia watoto kuelewa na kupata maneno mapya. Michezo iliyotiwa katikati ya kurasa na vile vitu vya kubofya ili vifanye vituko vilizuia.

Chukua sentensi ya mfano: "Kobe alipanda kilima polepole, jasho likimtoka." Katika kitabu cha kwanza, sentensi inapotamkwa, kobe anaanza kupanda, anapunguza mwendo, tone la jasho linadondoka. Mtoto asiyejua "kilima" ni nini amekiona wakati uleule alioisikia sauti ya neno. Picha imefanya kazi ya kidole cha mama kinachoonyesha. Katika kitabu cha pili, kobe amesimama tu, lakini ukigusa wingu linapiga kinanda, ukigusa ua anatoka kipepeo, na ukimkamata kipepeo unapata alama kumi. Mtoto atakaa kwenye ukurasa huo muda mrefu kuliko kwenye ule wa kwanza. Mzazi atasema, "Angalia anavyokipenda kitabu!" Ila kobe amesahauliwa huko chini ya kilima.

Mtoto anayefuata hadithi ni kama mtu aliyebeba sinia lenye vikombe vilivyojaa. Kikombe kimoja ni nani ni nani, kingine ni kilichotokea ukurasa uliopita, kingine ni lile neno geni ambalo bado analitafakari. Kila mchezo unaojitokeza katikati unamwambia: tua sinia, njoo huku. Akirudi, chai imemwagika.

Utafiti mwingine mkubwa ulitoka mwaka 2021. May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus walichambua tafiti 39 zenye watoto 1,812 wa umri wa mwaka 1 hadi 8, safari hii wakiuliza moja kwa moja: karatasi au skrini? Pale ambapo kitabu cha skrini kilikuwa nakala ya kile cha karatasi, kikiongezewa sauti ya msimulizi au rangi ya maneno tu, watoto waliosomewa cha karatasi walielewa zaidi. Pale ambapo cha skrini kilibeba nyongeza zilizobuniwa kuiunga mkono hadithi, kilikishinda cha karatasi. Kamusi iliyowekwa ndani ya kitabu iliwaongezea watoto msamiati, lakini haikuwasaidia kuielewa hadithi, na mara nyingine iliwapunguzia uelewa.

Kwa hiyo anayesema karatasi daima ni bora na anayesema skrini daima ni bora wanaweza wote wawili kunukuu utafiti huohuo, kila mmoja nusu yake.

Mimi nikikichunguza kitabu cha namna hii huiondoa hadithi kichwani na kujiuliza kama mtoto bado ana cha kufanya hapo. Kama anaweza kujifurahisha dakika tano nzima bila kusikia sentensi hata moja, huo ni mchezo uliovaa jalada la kitabu. Mchezo si dhambi. Uhesabiwe kama mchezo, basi.

Macho yanatazama nini?

Watu wengi huamini kwamba mtoto anayesomewa, kwa kuwa kitabu kiko mbele yake, anajifunza herufi kidogo kidogo. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walifuatilia mwendo wa macho ya watoto wadogo wakati wanasomewa vitabu vya picha. Macho yalikuwa kwenye picha karibu muda wote. Maandishi yaliguswa kwa nadra sana. Na hivyo vilikuwa vitabu vya karatasi, tena vikisomwa na mtu mzima. Yule mtoto wangu wa ukurasa ulioruka hakuwa na kasoro yoyote. Alifanya wanachofanya watoto wengi wa umri wake.

Neno linalobadilika rangi linatumiwa ili kulitatua tatizo hili, na lina faida yake: linayavuta macho kwenye ule mstari unaosahaulika, na linaonyesha mwelekeo wa kusoma. Lakini kuyaona maandishi ni hatua moja, kuyafumbua ni nyingine. Mtoto anaweza kuitazama rangi ikiruka kutoka neno hadi neno kama anavyomtazama panzi. Anayetaka rangi hiyo imfae mwanawe aungane nayo kwa kidole na kwa mdomo. Asimamishe sauti kabla ya neno linalojirudia, aulize: "Hapa pameandikwa nini?" Kitufe cha kusimamisha ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika zana hizi, na ndicho kinachotumiwa kwa uchache zaidi.

Aliyekaa pembeni

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi 9 na kuwasikilizisha Kichina cha Mandarin katika vipindi kadhaa. Kundi moja lilikaa na mtu aliyewasomea na kucheza nao. Kundi jingine lilipata watu walewale kupitia video, na jingine lilisikia sauti tupu. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Wa video na wa sauti tupu hawakujifunza. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichokosekana ni mtu anayekutazama ukitazama, anayengoja uitikie.

Ndiyo maana napata wasiwasi nikiona kifaa kinakabidhiwa mtoto ili mkubwa apate kupumzika, kisha dakika hizo zikahesabiwa kuwa za kusoma. Kupumzika ni haki ya mzazi, wala simlaumu mtu. Ila kuna jambo lililoonwa hata pale mzazi anapokuwa amekaa hapohapo. Mwaka 2019 Tiffany Munzer na wenzake walichapisha utafiti wa wazazi 37 na watoto wao wadogo, wakisoma pamoja kitabu cha karatasi, cha kidijitali cha kawaida, na cha kidijitali chenye nyongeza. Kwenye karatasi wazazi waliuliza na kueleza zaidi kuhusu hadithi. Kwenye skrini mazungumzo yaligeuka kuwa ya kifaa: usibonyeze hapo, subiri, shika vizuri. Hata kukishika kitabu kwa pamoja kulipungua.

Tatizo hilo halimo ndani ya kioo. Limo katika mazoea: simu tumezoea kuitumia peke yetu, kila mmoja na yake. Linaweza kurekebishwa kwa mambo ya kawaida kabisa. Weka kifaa mapajani mwenu wote wawili, au mezani kikiwa kimelala kama kitabu kilichofunguliwa. Zima sauti ya msimulizi mara ya kwanza, usome wewe. Kubalianeni kabla hamjaanza nani anafungua ukurasa. Halafu zungumzeni. Mbinu ya kusoma kwa mazungumzo, iliyofanyiwa kazi na Grover Whitehurst na wenzake kuanzia mwaka 1988, inamfanya mtoto awe msimulizi na mkubwa awe msikilizaji anayechokonoa: "Unadhani kobe atafika?" Mtoto akijibu "Hapana," unamuuliza kwa nini. Akisema "Kachoka," unamwongezea: "Kweli, kachoka, jasho linamtiririka. Wewe uliwahi kuchoka hivyo?" Hapo neno "kutiririka" limeingia bila somo.

Simu ya video ina nafasi yake ya pekee katika mjadala huu. Sarah Roseberry na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa miaka miwili hivi waliweza kujifunza maneno mapya kutoka kwa mtu aliyekuwa akizungumza nao moja kwa moja kwa simu ya video, jambo ambalo halikutokea kwa video iliyorekodiwa. Mtu wa kwenye simu ya video anakujibu, aliyerekodiwa hawezi. Bibi aliye mbali anaweza kumsomea mjukuu wake hadithi jioni kwa njia hiyo na ikawa ni kusomewa kweli.

Herufi zetu na programu za watu wengine

Programu nyingi zinazopatikana kwa urahisi zimetengenezwa kufundisha kusoma Kiingereza. Mzazi anaipakua, mtoto anajifunza "ei, bii, sii," na nyumbani kote ni shangwe. Siku anapokutana na neno "baba" anasema "bii-ei-bii-ei" na hajui afanye nini na sauti hizo. Hana upungufu wa akili. Amefundishwa majina ya herufi ya lugha moja, akapewa maneno ya lugha nyingine.

Maandishi ya Kiswahili yana upole ambao watoto wengi duniani hawaupati. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Konsonanti ikikutana na irabu inazaa silabi, na silabi hiyo itasomeka vilevile popote utakapoikuta. Mtoto aliyeshika "ba be bi bo bu" na safu nyingine chache anaweza kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona. Kwa Kiingereza njia hiyo ni ndefu mno, na programu zake zinalazimika kutumia muda mwingi kwa maneno ya kukariri yasiyofuata kanuni. Kumpitisha mtoto wa Kiswahili kwanza katika njia hiyo ni kumzungusha mlima ambao lugha yake imeutoboa tundu. Tena ujuzi wa kuunganisha sauti, akishaupata katika lugha anayoielewa, atauhamishia kwenye lugha ya pili.

Kiswahili kina ugumu wake pia, na programu nzuri inapaswa kuujua. Maneno yetu ni marefu. "Tutawapelekea" ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake mna mtendaji, wakati, watendewa na tendo. Rangi inayofunika neno hilo lote kwa mpigo haimsaidii anayeanza. Ipite silabi kwa silabi. Zipo herufi zinazokwenda kwa pamoja, kama ch, sh, dh na ny, na upo mtego wa ng na ng': "ngoma" na "ng'ombe" zisisomwe kwa sauti moja. Na ikiwa sauti ni ya mashine, isikilize kwanza wewe. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "barabara" ya kupitia magari na "barabara" ya kazi iliyofanywa sawasawa hutofautishwa na mkazo peke yake. Sauti inayokosea hapo, na inayosoma kila sentensi kwa mapigo ya roboti, inamnyima mtoto muziki ambao ndio unaobeba maana.

Vitabu vya Kiswahili vya bure vipo. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ulioanza mwaka 2014, na StoryWeaver wa Pratham Books ya India, ulioanza mwaka 2015, ina hadithi za watoto zilizopangwa kwa viwango, na leseni zake zinaruhusu kupakua, kutafsiri na kuchapisha. Ubora wa tafsiri unapishana, kwa hiyo soma kabla ya mtoto. Ukikuta sentensi inayokwaruza sikio, tafuta kitabu kingine. Haifai mtoto akutane na lugha yake ikiwa imevunjika.

Mambo matatu yanayosemwa sana

Linalosemwa zaidi ni kwamba muda wowote wa skrini ni sumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka, wala kwa wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili mpaka minne unasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Mwongozo huohuo unahimiza kusoma na kusimulia hadithi pamoja na mlezi wakati mtoto ametulia. Mimi nauchukulia hivi: kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kitabu ni cha karatasi, au ni mdomo wa mkubwa. Baada ya hapo, ile saa moja ni kikomo, wala si deni ambalo lazima lilipwe kila siku. Dakika kumi na tano za hadithi moja iliyozungumzwa zinatosha. Na zisiwe za mwisho kabla ya kulala, kwa sababu mwanga wa skrini jioni hupunguza homoni ya melatonini inayoleta usingizi.

Upande wa pili wapo wanaosema programu itafundisha yenyewe. Hapa tuna ushahidi wa karibu na sisi. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano kwa Kiswahili mkoani Tanga, Tanzania, kwa miezi 15, kwa watoto karibu 3,000 wa vijijini ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu, na mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, onebillion na Kitkit School, zikagawana ushindi. Ni mafanikio ya kweli, na ninayaheshimu. Lakini isome namba hiyo mpaka mwisho: baada ya miezi 15 na vishikwambi mkononi, sehemu kubwa bado hawakuweza kusoma neno. Tena hao walikuwa wakubwa kuliko mtoto wa miaka minne tunayemzungumzia. Pasipokuwa na mwalimu, programu nzuri ni bora mara nyingi kuliko kukosa kila kitu. Hilo halisemi kwamba inachukua nafasi ya mtu aliyepo.

La tatu ni dhana kwamba kusikiliza hadithi ni uvivu, si kusoma. Rudi kwenye lile zidisho la 1986. Kusikiliza kunaujaza upande wa kuelewa, na mlezi ambaye mwenyewe hakubahatika kusoma anaweza kukaa na mtoto, wakaisikiliza sauti ya kitabu pamoja, kisha wakaizungumza hadithi kwa kina kuliko wasomi wengi wanavyofanya. Kosa linakuja pale tunapodhani upande wa herufi nao umejazwa.

Kuihamisha kazi

Kabla ya kumpa mtoto kifaa, ipakue hadithi, zima intaneti, zima arifa. Ujumbe mmoja unaoshuka juu ya skrini katikati ya sentensi unafanya kilekile anachofanya kipepeo wa alama kumi.

Halafu chagua kitabu kifupi na mkirudie. Watoto hupenda kurudia, na sisi ndio tunaochoka. Siku ya kwanza soma wewe, sauti ya kifaa ikiwa imezimwa, mzungumze kuhusu picha. Siku ya pili mwache msimulizi asome, mtoto afuatishe maneno yenye rangi kwa kidole, nawe usimamishe mara mbili tatu kwenye neno linalojirudia. Siku ya tatu zima sauti tena, umwachie yeye lile neno moja kila linapotokea, mengine usome wewe. Baada ya muda maneno yake yanakuwa mawili, matano, sentensi. Akikwama, mpe silabi ya kwanza, usimpe neno zima.

Na yule mtoto wa mwanzo? Mama yake alifanya hivyo kwa wiki kadhaa, na hadithi ileile, kwa sababu mtoto hakutaka nyingine. Siku niliyowatembelea tena aliifungua, sauti ikiwa imezimwa, akaanza kuisimulia kwa kasi yake ya zamani. Katikati ya ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Akarudi nyuma neno moja, akalitazama, akamgeukia mama yake amekunja uso.

"Mama, hapa hawajaandika hivyo."

Alikuwa sahihi. Safari hii, kwa haraka yake, alikuwa amesema "akaenda". Pameandikwa "akarudi".